Chupa Mbili za Kisima cha Bi Rukia

Sikwenda Mombasa kutembea. Nilikwenda kwa sababu mwanafunzi wangu wa zamani, Zuhura, aliniandikia kwamba kisima cha nyumbani kwao Mji wa Kale kinataka kufukiwa. Kaka yake, Athmani, anasema maji yale ni chumvi tupu na pale panafaa kujengwa chumba. Mama yao, Bi Rukia, anasema mfereji, yaani bomba, ukikauka mtaa mzima huja kuteka kwake, kwa hiyo hafukii kitu. Mwisho wamekubaliana aitwe mtu wa kupima asiye na upande, na atakalosema ndilo litakalofuatwa. Nilisoma barua ile mara mbili nikajiona mkubwa. Miaka ishirini na miwili nafundisha jiokemia, yaani elimu ya kemia ya ardhi, mawe na maji yake, na hakuna aliyewahi kunifanya kadhi.

Nairobi, Alhamisi alfajiri. Nilipanda basi na boksi la chupa kumi za plastiki, na nyingine mbili za akiba ndani ya mkoba. Nilikuwa nimezilowesha katika asidi juma zima, kisha nikazisuuza kwa maji safi ya maabara, maana chembe moja ya uchafu yatosha kuidanganya mashine.

Baada ya Mtito Andei, mama aliyeketi karibu nami, aliyekuwa akirudi Voi, aliniuliza jiokemia ni nini. Masikini, hakujua alilolifungulia mlango. Nilimwambia kwamba zamani watafuta madini walionja maji ya chemchemi na kutazama rangi ya jiwe likichomwa, basi. Katika karne ya kumi na tisa mkemia mmoja wa Ulaya akaipa elimu hii jina, na kwa miaka mingi mtoto akaishi na jina tu, kazi hana. Kisha wakaja watu wenye subira, wakakusanya mawe ya kila pembe wakapima kila moja lina nini. Waliowafuata wakauliza gumu zaidi: kwa nini elementi hii hujificha ndani ya jiwe, na ile hukimbia na maji hadi baharini? Hapo mtoto akabaleghe. Leo tuna mashine za kugundua chembe ambazo ulimi hauwezi hata kuzihisi, na hatuonji tena kitu. Nilipofika kwenye mashine, yule mama alikuwa amelala fofofo.

Mwembe Tayari, saa kumi jioni. Mchuuzi wa korosho alichungulia boksi langu akauliza chupa nauza kiasi gani. Nilipomwambia haziuzwi, alinitazama kwa huruma, akasema chupa tupu zimejaa tele Mombasa, sikuwa na haja ya kujitesa nazo kutoka Nairobi.

Mji wa Kale, kabla ya magharibi. Bi Rukia ni mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mimi mtu wa bara nilianza moja kwa moja na habari za kisima. Alinikatiza kwa upole, akaniuliza habari za safari, za mke wangu, za watoto mmoja mmoja, za mvua huko kwetu, na hakunipeleka uani mpaka zilipokwisha. Kisima chenyewe kina ukingo wa jiwe la matumbawe, nazo kamba zimeuchimba mifuo unayoweza kulaza kidole. Akanieleza kwamba maji ya chai na wali hutoka mferejini, na ya kisimani ni ya kuoga, kufua na kutawadha. Hali yake huijua kwa povu la sabuni, na kwa tone moja juu ya ulimi. Nilitabasamu tabasamu la mwalimu. Nikaliacha boksi kwake, nikaenda kulala kwa rafiki yangu Bondeni.

Ijumaa, saa moja asubuhi. Nilipopiga hodi niliitikiwa na harufu ya ubani. Uani, Bi Rukia alikuwa ameketi mbele ya chetezo, ameshika chupa yangu ya kumi mdomo chini, moshi ukiingia taratibu. Tisa nyingine zilikuwa zimepangwa juu ya mkeka, zimeoshwa kwa sabuni, zimefukizwa, zanukia kama chumba cha arusi. Kwao mtungi wa maji ya mgeni hufukizwa kwanza, ndiyo heshima yake.

"Nimeziona zanuka dawa, mwanangu," akasema. "Nikaona si vizuri mgeni wangu kutia maji kwenye chombo kama hicho."

Zuhura, ambaye nilimfundisha mwenyewe kuosha chupa kwa asidi, alijifunika uso kwa mtandio. Nami nilikasirika, siwezi kuficha. Nilitoka nje nikasimama kichochoroni nikilihesabu lile juma langu lililopotea. Kisha nikakumbuka kwamba sikumwambia mtu yeyote chupa zile zina kazi gani. Niliziacha tu kama bwana mkubwa. Na yeye alikuwa ameamka kabla ya kila mtu ili anitendee mema. Niliporudi ndani nilikuwa nimeshampenda yule mama, na hasira imekosa pa kukaa.

Nikatoa zile mbili za mkobani, nikashika ndoo.

"Wateka sasa?" Bi Rukia akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Bahari imejaa saa hizi, na kisima nacho kimeshika chumvi. Ukiteka sasa utamwambia Athmani hakifai, na utakuwa wasema kweli. Lakini utakuwa umekionea."

Athmani, aliyekuwa akinywa kahawa yake mlangoni, alisema maji ni maji. Aibu yangu ni kwamba nami nilikuwa nikiwaza hivyohivyo. Fomu yangu ina mahali pa kuandika kina, joto, na jina la mtaa. Pa kuandika bahari iko wapi, hapana. Lau ningekuwa na chupa zangu kumi na mbili, ningezijaza zote palepale na kuwahi basi la mchana. Sasa nilikuwa na mbili, na mwenye mbili husikiliza. Nilijaza moja. Nikatumbukiza kipima chumvi changu kidogo, nacho kikapanda hadi Athmani akatikisa kichwa kuridhika.

Saa tisa alasiri. Wanaume walikuwa wamekwisha kurudi kutoka msikitini. Bahari ilikuwa imekupwa tangu mchana, lakini Bi Rukia alikuwa amenizuia, akisema kisima hukawia nyuma ya bahari. Ndipo alipochovya kidole, akaonja, akasema, "Haya." Nikajaza chupa ya pili, na kipima chumvi kikaonyesha chini ya nusu ya chumvi ya asubuhi. Nilikipima tena mara tatu, Athmani akiwa amesimama begani kwangu, na mara zote tatu kilisema vilevile.

Nairobi, juma lililofuata. Mashine iliafikiana na ulimi wa Bi Rukia. Ilisema pia jambo ambalo ulimi usingelijua: taka za vyoo vya jirani zimefika kisimani, na maji yale hayafai kunywewa hata kidogo. Nilimpigia simu nikamwambia yote mawili, la pili kwa shida.

"Kwani nani anywa hapo?" akajibu. "Nilikwambia mapema, hayo ni ya kuogea." Kisha nikamsikia akimpa simu mwanawe. Athmani akaniuliza majirani waambiwe wateke saa ngapi, na mfuniko afunge wa mbao au wa bati.

Nilifurahi sana, kwa muda wa chai moja. Nilikuwa nimejifunza kwamba elimu yangu iliacha kuonja kabla haijamaliza kuwauliza waliokuwa wakionja. Ndipo nilipofungua kabati la fomu zangu za miaka ya nyuma. Niliwahi kutumwa kupima visima vya pwani, kila kisima chupa moja, saa yoyote gari lilipotufikisha. Kumi na kimoja niliviandikia "hakifai, chumvi." Tarehe na saa zipo, na majedwali ya kujaa na kupwa kwa bahari hutunza habari za zamani, kwa hiyo niliketi nikavilinganisha kimoja kimoja. Vinne nilivipima bahari ikiwa imejaa.

Cha kwanza katika hivyo vinne najua kilifukiwa mwaka uleule, kwa sahihi yangu. Barua ya kuwaandikia wenye kisima hicho nimeianza mara tano, na mpaka leo haijavuka salamu.