Ulimi wa Mkwe

Bi Mwiko, kama mtaa mzima ulivyomwita, alikuwa fundi wa mkate wa viazi vya okidi, ua la porini. Vyenyewe ni vidogo kama kidole gumba, na huchimbwa bondeni. Hata ungempigia magoti, hakushika jembe kabla mbegu hazijapeperuka, ili mwakani vingine viote. Nyumbani alivianika, akavitwanga, unga wake akauchanganya na wa karanga, akaupika kwa magadi mpaka ukavutika. Ukipoa huganda, ukakatwa vipande.

Mwiko wake wa kukorogea hakumpa mtu. Mke wa mwanawe, mwaka wa nne pale nyumbani, kazi yake ilikuwa kumenya na kuosha vyombo.

Kisha homa ikamlaza bibi wiki mbili. Alipoinuka, chai na maji ya bomba vilikuwa kitu kimoja mdomoni. Akanyamaza, akaendelea kupika kwa macho na masikio: uji ukianza kuguna chini ya mwiko, umeiva.

Jumapili moja jirani alikuja kutembea, akakatiwa kipande. Alitafuna mara mbili, akaomba maji. Akaomba tena. Mkwe akaonja upesi: magadi matupu, kama kalamba sabuni!

"Nisameheni," akasema. "Magadi niliyatia mimi, mkono ukateleza."

Bi Mwiko akamtazama. Jirani alipoondoka, mkwe alivuta kigoda.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Ulimi."

Bibi alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. "Tangu homa," akasema mwishowe. "Hata chumvi siijui. Nimekuwa kama ninatafuna kitambaa."

"Na hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba fundi hana ulimi?"

"Mficha maradhi, mama, unajua mwisho wake."

Bibi akacheka kidogo, machozi yakimlengalenga. Akaondoa mwiko ukutani, akampa. "Koroga kuelekea kulia. Usikiache chungu."

Walipokwenda hospitali, daktari alisema ladha huenda ikarudi, huenda isirudi. Haikurudi. Lakini mkate ukarudi ulivyokuwa, kwani bibi alisikiliza chungu na mkwe akaonja. Kugombana hawakuacha.

"Chumvi bado, mama."

"Hujatosheka tu? Wewe na ng'ombe mmezaliwa tumbo moja!"

Lakini bibi akaongeza chumvi.