Nguo Zilizochukuliwa Mbichi

Mimi na mume wangu ni madobi. Yeye anafua, mimi ninaanika na kupiga pasi. Kazi hii tumeirithi kwa baba mkwe, aliyewalea watoto wake wawili, mume wangu na dada yake, katikati ya kamba za nguo. Ninasema haya mapema ili mjue kwamba nilichomwambia wifi yangu sikukisema kwa kutojua.

Mwaka ule bandari yetu ilijaa manowari za nchi tano, na uwanjani ndege za kivita zilipangwa mpaka kwenye majani. Redio ikasema ni vikosi vya pamoja, vinakwenda nchi jirani kuwatenganisha wanaopigana. Sisi, Mungu atusamehe, tulifurahi. Magunia ya nguo yalikuja mpaka tukaanika juu ya ukuta wa jirani. Kila kikosi tulikipa rangi yake ya uzi. Mwekundu ulikuwa wa manowari kubwa, wa bluu wa marubani, ambao ovaroli zao zilinuka mafuta hata baada ya maji matatu.

Baba mkwe aliwafundisha wanawe jambo moja: askari ambaye nguo zake ziko kambani haendi popote. Ukitaka kujua safari ya jeshi, usimuulize jenerali, muulize dobi.

Jumanne, mtunza stoo wa jeshi akaja mbio. Alitaka nguo zote kabla ya saa nane mchana.

"Hazijakauka, afande," mume wangu akamwambia.

"Nipe hivyo hivyo."

Tukatazamana. Tukazianua zikiwa zinachuruzika. Mume wangu akapanda gari lao kwenda kuzikabidhi, akaniachia simu. Siku hizo sisi hatukuweza kupiga kule. Wao ndio waliotupata.

"Dada lazima atapiga," akasema. "Mwambie watoke leo leo, kabla mpaka haujafungwa."

Wifi yangu aliolewa huko nchi jirani, na nyumba yao ilipakana na uwanja wa ndege. Haikupita saa, akapiga.

"Wifi, nyie mko nao hapo. Tuje kwenu au tukae?"

Sasa mnielewe, ingawa sistahili. Wifi huyu alishawahi kuja na wanawe watano, akakaa miezi minne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata pasi hakuigusa. Alionja mboga yangu akaniuliza kama chumvi imeadimika mjini. Nikaviangalia vyumba vyetu viwili na sakafu niliyotoka kuipiga deki, nikawaona wote wamelala humo. Ulimi hauna mfupa.

"Nguo zao bado ziko kambani, wifi," nikasema. "Tena nyingine ndio kwanza naanika."

Akashusha pumzi. "Basi afadhali. Wacha nikapike."

Nilisema hivyo nimesimama chini ya kamba tupu.

Mume wangu aliporudi aliuliza kama dada yake amepiga. Nikasema bado. Hata hivyo akajaribu kupiga mwenyewe jioni nzima, laini haikushika. Alfajiri ndege zikapita juu ya paa letu moja baada ya nyingine, nikazihesabu mpaka nikashindwa.

Wifi alikuja baada ya siku kumi na mbili. Watoto wote watano alikuwa nao. Mumewe hakuwa naye; alimzika nyuma ya nyumba, kwa sababu makaburini hakukufikika.

Majirani wakajaa sebuleni kutoa pole. Mama mmoja, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza ilikuwaje wasitoke mapema na ndugu zao ni madobi wa jeshi. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Wifi akanitetea. "Msimguse wifi yangu. Nilimpigia siku ile mchana, akaniambia alichokiona kwa macho yake. Wale watu walituficha hata sisi watoto wa dobi."

Mume wangu alikuwa akigawa viti. Akasimama, akanitazama kwa muda, kisha akaendelea kugawa viti. Mpaka leo hajaniuliza, na mimi sijamwambia. Tunafua tu.

Wageni walipoondoka nilikwenda kujificha uani, nikalia kwa aibu. Wifi akanifuata, akakaa chini pembeni yangu, macho yake yamevimba.

"Usijilaumu, wifi," akasema. "Hukujua."

Akanifuta machozi kwa kiganja chake. Nikamwacha anifute.