Orpa na Maswali ya Moyo

Orpa ni muuguzi katika hospitali moja ya Likasi, na sauti yake husikika hadi mwisho wa wodi. Daktari Théophile alipoleta maswali ya kuwapima wagonjwa wasiwasi na huzuni, wauguzi wengine walinung'unika: nani atamfungulia mgeni moyo wake?

"Munipe miye," Orpa alisema.

Alianza na Mama Suzanne, mchuuzi wa samaki aliyekatwa vidole vya mguu kwa sababu ya kisukari. Kidonda kilikuwa kinapona, lakini chakula hakukigusa. Mumewe Kitenge, shemasi wa kanisa la maombi, hakubanduka kando yake.

"Mama, usingizi unapata?"

"Analalaka muzuri," Kitenge akajibu.

"Na roho? Kuna mambo inamufurahisha bado?"

"Sisi tuko na imani, mwana yangu. Huzuni haiingiaka kwetu."

"Baba, miye niliuliza mama. Utungojeye inje kidogo." Alisema kwa heshima, lakini mlango aliufungua yeye mwenyewe.

Walipobaki wawili, alirudia swali.

"Silalaka," Suzanne alisema. "Nawaza nitauza namna gani na huu muguu. Nikianza kuomba, maneno inakauka mu kinywa." Machozi yakamtoka.

Orpa akamshika mkono, akauliza lile swali ambalo wengine waliliogopa. "Mama, unawazaka kama heri kufa?"

"Mara moja moja."

"Aksanti kuniambia. Ile ni ugonjwa, mama, haiko kukosa imani. Na iko na dawa."

Siku hiyohiyo daktari alikuja kuketi naye, matibabu yakaanza, na wauguzi wakapokezana ili asibaki peke yake. Orpa alipita kila alasiri wakaongea. Taratibu usingizi ukarudi. Asubuhi moja Suzanne akamwambia mumewe kwamba supu imemchosha. Anataka bukari, ugali wa kwao, na mboga ya lengalenga.

Kitenge alicheka, kisha akamfuata Orpa kwenye ukumbi.

"Miye pia silalaka," alinong'ona. "Unaweza kuniuliza yale maswali?"

Orpa akamvutia kiti. Akaanza na swali la usingizi.

Leo Suzanne yuko sokoni tena, juu ya kiti kirefu alichochongewa na mumewe, na wateja humsikia kabla hawajamwona.