Sura Isiyowekwa Chini

Jirani yangu wa Kanamkemer huniuliza kila nikifika Lodwar: hiyo kazi ya kuchorachora huko Kakuma inakupa nini? Mshahara wangu anaujua ulivyo mwembamba, kwa hiyo anachotaka ni kunicheka tu. Siku hizi namjibu kwa kisa hiki.

Nilikuwa nimetoka kumzika mama. Ruhusa ya msiba iliisha kabla ya machozi, nikarudi kwenye shule yetu ya sekondari ya kanisa, kwenye vumbi na joto, nikiwa na hasira na kila kitu, Mungu akiwemo. Hata hivyo tulianza kipindi kwa sala kama kawaida. Mimi hufundisha kuchora nyuso kwa sababu ya imani yangu: mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi anayemtazama mwenzake vizuri anasali. Nikawapa kazi: "Leteni sura ya mtu aliyewaacha." Ukweli ni kwamba kazi ile nilijitungia mwenyewe. Nilikuwa nimejaribu kumchora mama jioni nzima, akanitokea mwanamke nisiyemjua.

Darasani kulikuwa na msichana wa Kisomali, mkono wake mwepesi kuliko wa wote. Babake, kwa kushika dini yake, alishamwonya: akichora uso wa mtu, somo la sanaa basi. Nilijua, nikampa kazi ile ile. Nilidhani atachora mgongo, au viatu.

Siku ya kukusanya tulipanga kazi sakafuni ili tuzitazame pamoja. Yeye alisimama, karatasi ameikumbatia.

"Weka chini."

"Hii haiwekwangi chini, madam."

Nikafoka. Nilimwambia darasa langu halina malkia. Ndipo akaigeuza. Yalikuwa maandishi ya Kiarabu kwa wino mweusi, herufi zimepinda na kunyooka kwa utulivu ambao penseli yangu haijawahi kuupata. Wenzake wakaangua kicheko: ameambiwa sura, ameleta sura ya msahafu!

"Si ni sura uliitisha?" aliniuliza, na hakuwa anatania. "Ayeeyo, mama ya baba, alikuwa anasoma hii kila asubuhi akinisuka. Nikiisoma, namwona."

Kicheko kikakatika. Nikaondoa kalenda ya kanisa kwenye msumari wake, nikaitundika karatasi ile mahali pake, juu.

Habari zilifika kwao zimepinda, kama ilivyo kawaida ya habari: binti amechora uso wa nyanyake. Kesho yake baba akaja. Hakusalimia.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua."

Nikamwonyesha ukutani. Akasogea. Akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na kuanzia katikati akamalizia kwa midomo tu. Binti alikuwa ameshafunga mkoba wake, anangoja.

"Mama yangu tulimzika njiani tukikimbia vita," alisema, bado akitazama ukuta. "Picha hatuna. Naomba hii."

Nikaishusha. Akaipokea kwa mikono miwili, akaishika usawa wa kifua. Mlangoni alimwambia bintiye maneno machache ya Kisomali, kisha akatoka nayo kwenye upepo. Binti akafungua mkoba, akatoa penseli.

Wenzake walipotoka, yeye alibaki.

"Madam, na mama yako alikuwa anakaa aje?"

Nikaketi. Nikamwambia mama alikuwa na pengo la meno mawili ya chini yaliyong'olewa kimila, kama wanawake wa zamani wa Kiturkana, na kila akicheka aliliziba kwa kiganja, aibu ya bure tu, maana lilimpendeza sana. Nilitaka kuendelea na macho yake. Sikuweza. Nililia pale pale mbele ya mwanafunzi wangu, naye akaningoja, penseli juu ya karatasi, hadi nikaweza kufika kwenye macho.