Mtambo wa Pamba Mlangoni mwa Hoteli

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Malindi, hadi kilipofungwa. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Mwitaliano mmoja alilinunua jengo akaligeuza hoteli. Mimi niliajiriwa mapokezi, maana nilikwisha okota Kiitaliano cha kutosha kwa kuwauzia watalii vikoi.

Siku moja yule Mwitaliano, tajiri wangu, aliniambia kuna mtambo mkongwe umebaki ghalani. Alitaka utengenezwe uwekwe mlangoni. Nikamtaja baba. Kosa langu ni hilo: sikuuliza kutengenezwa vipi.

Baba alikuja siku tisa mfululizo. Alikwangua kutu, akanoa meno ya misumeno moja moja, akaagiza mkanda Mombasa. Siku ya kumi alileta gunia la pamba kutoka Ganda, akauwasha. Sakafu ikatetema, nyuzi nyeupe zikaruka, mbegu zikamwagika chini. Mama mmoja wa jikoni, aliyewahi kufanya kazi kiwandani, akapiga vigelegele. Tajiri akaja mbio, ameziba masikio.

"Mwambie azime! Wageni wamepumzika. Nilitaka aupake rangi tu, ya samawati."

Baba akanigeukia. "Asemaje, mwanangu?"

"Asema mtambo wapendeza zaidi ukitulia, baba."

"Mtambo usiozunguka ni kitu gani?"

Baba aliuzima, akanawa mikono, akaondoka bila kuaga.

Mtambo ukapakwa samawati, vikapangwa vyungu vya maua juu yake. Kila siku wageni waliniuliza ni wa nini, na kabla sijafika kwenye mbegu walikuwa wameshaenda kuogelea.

Niliudhika. Na bado mji niliupenda, hivyo hivyo ulivyojigeuza. Nilipenda kuwasikia wauza mahamri wakibishana bei kwa Kiitaliano, kisha wakitukana kwa Kigiriama mteja akishawapa kisogo. Laiti ningeuchukia, ningehama.

Baba alirudi shambani Kakuyuni. Akiwa na shida mjini, hupita barabara ya nyuma. Nilimwomba tajiri mtambo uzungushwe japo mara moja kwa wiki, baba awaeleze wageni mwenyewe. Akatabasamu, akasema atafikiri. Alifikiri miaka yote minne niliyokaa pale.