Kilio Nilichokiwekea Ngoma

Wimbo wangu uliosikika kuliko nyingine zote una dakika saba, na ndani yake mama yangu anamlilia kaka yangu. Naandika hivi mwanzoni kabisa ili msomaji asinipende kwanza halafu abadilike baadaye.

Natengeneza muziki wa hausi na tekno hapa Baraka, mji wetu kando ya ziwa. Wengi wanauita tu muziki ya mashine. Nimesoma shule ya msingi peke yake, ng'ambo ya ziwa, kambini, tulikokuwa wakimbizi. Tuliporudi nilipata kazi kwenye kibanda cha kuchaji simu. Kina sola juu ya bati, meza moja, na kompyuta tunayotumia kujaza nyimbo kwenye memori kadi za wateja. Mtu anasema, "Niwekee za kanisa na rumba mpaka ijae," nami najaza. Programu ya kutengenezea muziki niliikuta ndani ya kompyuta hiyo, imeachwa na aliyekuwa nayo kabla yetu. Miezi mingi nilibonyeza tu bila kujua ninachofanya. Wingu likifunika sola, kompyuta ilizimika na kazi ya asubuhi nzima ikapotea. Ndiyo sababu nyimbo zangu za kwanza ni fupi.

Kaka yangu mkubwa alikuwa motari. Alibeba watu na mizigo kwa pikipiki kwenda Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu. Hakuupenda muziki wangu. Alisema unafanana na mashine ya kusaga iliyokosa mihogo. Lakini kila alipopanda Misisi alibeba kadi yangu mfukoni, akawapa wenye spika kule, na aliporudi aliniletea habari mimi leki, mdogo wake.

"Leki, ile ya kwanza balicheza. Sijue juu ya nini, lakini balicheza."

"Na ya pili?"

"Ya pili balienda kukojoa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi, kwa mtu asiyeipenda lakini asiyenidanganya. Alikufa kwenye barabara hiyo hiyo, wakati wa mvua, pikipiki ilipoteleza kwenye daraja la miti.

Kwetu mama aliyefiwa hulia kwa maneno. Anaketi chini, wanawake wanamzunguka, naye anaongea na marehemu kwa Kibembe, lugha yetu, kwa sauti ambayo ni kama wimbo. Anamlaumu aliyekufa, anamlaumu Mungu, anatoa nje mambo ya ndani ya nyumba. Hakuna anayemkatiza. Na kilio kikiisha, hakuna anayeyarudia maneno yale, hata jirani anayeshinda akisengenya. Anayelia analijua hilo. Bila hivyo asingeweza kusema.

Mimi nilirekodi. Nilikuwa nimezoea kurekodi kila kitu: kinu cha kutwangia sombe, majani ya mihogo, injini ya mtumbwi, wanawake wakianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na niliiwasha kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijiambia ni kwa ajili ya kumkumbuka kaka. Labda ilikuwa kweli.

Miezi kama mitatu ilipopita niliifungua rekodi ile kibandani. Kuna mahali mama anasema, nikiyaweka kwa Kiswahili: ulitoka kwangu bila kula, mwanangu, mimi ndiye niliyekunyima. Asubuhi ile waligombana juu ya barabara ya Misisi. Mama alitaka kaka aiache, kaka akakataa, mama akafunika sufuria, na kaka akawasha pikipiki akaenda. Niliyakata maneno hayo nikayawekea ngoma. Nilipoanza nilikuwa nalia. Kufikia saa sita mchana machozi yalikuwa yamekauka, nilikuwa nasikiliza tu kama sauti inaingia sawasawa na ngoma. Hilo linanisumbua kuliko mengine yote.

Nilijua ni kazi nzuri kupita zote nilizowahi kufanya, na sikumwambia mama. Motari waliipeleka Misisi, ikashuka Uvira, mtu nisiyemjua akaipandisha kwenye mtandao. Kisha bwana mmoja wa Ulaya, anayetoa santuri za muziki huu, aliniandikia kwa Kifaransa. Mwalimu jirani yetu alinisomea. Bwana yule aliutaka wimbo, angeutoa kwa jina langu, na baadaye labda ningeitwa kupiga kule. Aliisifu sana sauti ya yule mwanamke, akauliza ni nani. Nilimjibu kwamba ni mwimbaji wa huku kwetu. Kilichobaki ni kusaini karatasi kabla ya mwezi kuisha, na kumfanya mama asijue.

Asubuhi moja nilimsindikiza mama sokoni na ndagala zake. Karibu na meza yake kuna mama mwingine anayeuza chakula, na motari wawili walikuwa wanakula fufu, ugali wa mihogo, pale. Mmoja aliitwa na abiria, akanyanyuka.

"Baba, na hii fufu nimupe nani?" mama wa chakula akamuuliza.

"Funika, mama. Niko narudi."

Mwenzake akapiga kiti cha pikipiki kwa kiganja, akaimba kwa sauti nyembamba, kwa Kibembe, maneno yale yale: ulitoka kwangu bila kula, mwanangu!

"Nyamaza we! Mama yako njo atalia!" akamjibu yule aliyenyanyuka.

Walicheka wote, hata mama wa chakula. Nikaelewa kwamba umekuwa utani wao wa kila siku. Nilikuwa nimefikiri, sijui kwa nini, kwamba mtu anayecheza hasikii maneno. Lakini Misisi imejaa Wabembe, na motari wengi ni watoto wa hapa hapa.

Mama alikuwa anapanga ndagala mafungu mafungu. Aliacha, akaniangalia.

"Ile maneno mi nilisema wapi?"

"Kwa kilio, mama."

"Nani alikuwa pale?"

"Bashangazi. Bamama ba kanisa. Na mi."

"Bale bamama habawezi."

Alirudisha mafungu kwenye beseni, akafunika na kitenge, tukarudi nyumbani hajauza hata moja.

Nyumbani nilimweleza juu ya wimbo, akaniambia nilete spika. Nilimwomba asikilize kwa simu, polepole, akakataa. "Nataka kusikia vile bo banasikia," alisema. Aliketi kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, akausikiliza wote mpaka mwisho.

"Ngoma iko muzuri," akasema. "Sasa nitoshe mule, sauti yangu itoke."

"Nitakutosha, mama. Lakini mu simu za batu siwezi."

"Basi nitapita wapi? Batu bote banajua nilimunyima mutoto chakula, akaenda kufa. Nitawekea nani ndagala mbele?"

Tangu siku ile hakwenda tena sokoni. Shangazi alimuuzia. Kanisani alianza kuketi karibu na mlango, akitoka kabla ya watu kusalimiana. Hakunifokea, wala hakumweleza mtu kwamba ni mimi. Alinisalimia asubuhi kama anavyosalimiwa mgeni.

Nilitengeneza wimbo upya bila sauti yake, nikamtumia bwana wa Ulaya, na nikamwandikia ukweli kwamba yule mwanamke ni mama yangu na alikuwa anamlilia mwanawe. Alijibu kwa heshima. Alitupa pole, akasema anaelewa, ila bila ile sauti wimbo unafanana na nyingi anazoletewa. Alisema kweli, masikio yangu yalikwisha kuniambia. Naona haya kuandika kwamba siku hiyo nilimkasirikia mama, si bwana yule, wala si mimi mwenyewe.

Kisha nikapanda Misisi. Sikuwa nimepita barabara hiyo tangu kaka afe. Pale darajani dereva alinishusha tuvuke kwa miguu. Nilikuwa na kadi ya nyimbo mpya. Nia yangu ilikuwa kupita kila kibanda na kila nganda inayouza pombe, kuwaomba waufute ule na kuwapa hizi.

Mwenye kibanda cha kwanza, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe kidogo, alinipokea kwa furaha.

"We njo ulitengeneza ile ya bila kula? Na unataka nifute? Uko muzima kweli?"

"Yule anayelia ni mama yangu. Alikuwa analilia yaya yangu, mutoto yake mukubwa."

Akapunguza spika. "Yaya gani? Yule wa pikipiki, alikuwa analetaka kadi?"

"Yule."

Aliufuta mbele yangu. Halafu akasema, "Mi nimefuta. Lakini iko mu simu za batu, ndugu yangu. Utafuta ngapi?"

Nilizunguka siku mbili. Wengine walifuta, wengine walisema watafuta, mmoja alinicheka akasema wimbo ukishatoka si wako tena. Siku ya kurudi, nikingojea pikipiki, mchimbaji mmoja alipita na simu yake kiunoni, na mama alikuwa analia ndani ya simu ile. Sikumsimamisha.

Nilimkuta mama nyumbani mchana, anachambua maharage kwenye ungo. Niliketi mbele yake, nikamwambia yote kama yalivyokuwa, hata la mchimbaji.

"Kwa hiyo iko," akasema.

"Iko, mama."

Akachambua kidogo. "Mi sikumbuke vile nililia. Nilisema nini ingine?"

"Rekodi yote iko kwangu. Nikupigie?"

"Hapana. Niambie we, na mudomo yako."

Niliisikiliza rekodi ile mara nyingi mno, naijua yote. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, moja baada ya jingine. Kwamba alimlaumu baba kwa kumwachia watoto peke yake. Kwamba alimlaumu kaka kwa kuwa mkaidi tangu akiwa mgongoni. Kwamba alisema afadhali tungebaki kambini. Mara nyingine alijibu "ndiyo", mara nyingine "ile nilisahau". Pa kicheko palikuwepo pia: alikuwa amemlaumu kaka kwa kuazima koleo la nyumbani na kulipeleka Misisi, na sasa nani ataenda kulichukua. Alicheka mpaka akajifuta macho.

Likabaki jambo moja.

"Iko ingine," akasema.

"Iko."

"Sema."

Nilisema. "Ulimuuliza Mungu juu ya nini hakukamata, pahali pa yaya, yule wa mashine, mwenye kushinda mu kivuli."

Nje kuku walikuwa wanaparura. Nilitamani ningekuwa nimedanganya.

"Nilisema ile?"

"Ulisema, mama."

"Na we uliisikia mara ngapi?"

"Kila siku nilikuwa natengeneza."

Aliweka ungo chini. "Mutoto yangu," akasema, na tangu siku ya soko hakuwa ameniita hivyo. "Unaona? Njo maana ile maneno haturudilie."

Hakusema kwamba hakumaanisha, nami sikumuuliza. Nilileta simu na kompyuta, nikafuta rekodi nzima pale pale, na wimbo uliobaki kwangu. Yeye hakuangalia kioo, aliniangalia mimi. Iliniuma, na bado inaniuma, maana sitatengeneza tena kitu kama kile, najua. Bado nafanya kazi hii. Watu wa Misisi bado wanauliza kama nina mwingine wa namna ile, nami nawaambia sina.

Nilipomaliza, mama alisema Alhamisi atakwenda sokoni mwenyewe.

"Na bakiimba?" nikamuuliza.

"Baimbe. Mi nitauza."

Alhamisi alikwenda. Alirudi alasiri na beseni tupu, amechoka, akaniuliza kwa nini sijachota maji.