Siku Niliyoposa kwa Kihaya cha Simu

Mimi ni mtaalamu wa teknolojia hapa Bukoba, na nikitabiri jambo huwa linatokea. Nilisema simu zitakuwa benki, zikawa. Siku hizi natangaza kwenye kila semina kwamba hakuna atakayehangaika tena kujifunza lugha ya mtu, maana mashine itamtafsiria sikioni.

Kwa imani hiyo nikaenda Izigo kujitambulisha ukweni. Nimekulia Dar es Salaam, Kihaya sijui. Mchumba wangu Koku alinisihi, "Wewe ongea Kiswahili tu, baba anakielewa." Nikamwambia atulie, aone kazi.

Nilivaa kifaa kidogo sikioni, kimeunganishwa na programu niliyoitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimeiandikia maneno yangu kwa Kiswahili. Yenyewe ikawa inaninong'oneza kila kitu kwa Kihaya, nami narudia kwa sauti. Salamu zikapokelewa vizuri, wazee wakaitikia, shangazi akapiga vigelegele. Nikajiona nimeshaoa.

Nilipofika kwenye ombi lenyewe nilipiga magoti, nikasikiliza, kisha nikatamka sentensi nzima kwa hisia, mkono kifuani.

Koku akajifunika uso kwa kitenge.

Baba yake, Ta Rwegasira, akaniinamia na kuuliza kwa Kiswahili safi, "Mwanangu, unajua umesema nini?"

"Nimemwomba Koku awe mke wangu, baba."

"Hapana. Umesema hakuna mtandao, tujaribu tena baadaye."